Kurasa Zilizobanwa kwa Mwiba

Nina wajukuu watatu, na bado nilishikwa na wivu kwa ajili ya kitabu. Ilikuwa baada ya yale maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang. Nilitoka Nangwa kwenda Jorodom kumsaidia binamu yangu Paskalina kuanika vitu vyake. Nyumba yake ilipona, ila tope lilikuwa limeingia hadi kwenye madirisha. Yeye ni mwalimu mstaafu na vitabu vyake ni vingi, basi tulivitandaza juani juu ya mabati, kimoja kimoja, tukivifuta kwa kitambaa. Ndipo nikashika kimoja kisicho na jalada, karatasi zake za rangi ya chai. Nilikinusa. Chini ya harufu ya tope kulikuwa na harufu ya moshi na maziwa, ile ya ndani ya kibuyu. Nikamuuliza, "Hiki Bibi alikupa wewe?" Akajibu bila hata kugeuka, "Alinipa siku nakwenda chuo cha ualimu. Hukujua?" Sikujua. Mwanamke mzima mimi, nimesimama na kitambaa mkononi, roho ikaniuma kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Hicho kitabu ndicho kilikuwa pekee nyumbani kwa Bibi, ukiacha Biblia na kitabu cha nyimbo za kanisani. Babu alikinunua zamani alipokuwa mpishi misheni, wakati Mwingereza bado yupo. Jalada lake hatukuliona kamwe, kwa hiyo jina la kitabu hakuna aliyelijua, na la mwandishi vilevile. Sisi tulisema tu "Kabula", kwa sababu Kabula ndiye binti aliyemo. Ni hadithi ya enzi za misafara ya pembe za ndovu. Baba na mama wa Kabula ni wapagazi, wanatoka bara wanakwenda pwani na mizigo kichwani, na Kabula anawafuata nyuma na sufuria. Babu alikuwa akimsomea Bibi kila alasiri mpaka alipofariki. Bibi mwenyewe hakujua kusoma hata herufi moja, na Kiswahili chake kingi alikitoa humo. Ndiyo maana alikuwa na maneno ya ajabu. Watu wengine wakimwita mtoto walisema "njoo hapa". Bibi alisema, "Karibia, ewe binti, usimame mbele yangu." Majirani walicheka sana.

Mimi nilidhani Kabula ni mtu wa kweli. Kitabu kilitaja Mjerumani, kilitaja ndui, kilitaja njaa, mambo ambayo wazee wetu nao waliyataja, kwa hiyo sikuona kwa nini Kabula asiwe mtu anayejulikana na Bibi. Bibi alikuwa akimzungumzia hata wakati wa kupepeta mahindi. "Kabula alikuwa na subira, siyo kama wewe." Basi nilimwonea wivu Kabula kabla sijamwonea mtu yeyote. Nilikuwa nikijiuliza ataacha lini kusifiwa, na kama siku moja atakuja kututembelea ili nimwone huyo mwenye subira.

Nilipofika darasa la tatu nikaanza kumsomea Bibi mimi. Nasema kweli, nilisoma vibaya. Nilifuata maneno kwa kidole, nikikwama mahali nakohoa. Bibi alisubiri tu. Tulikaa upande wa nyumba unaopata jua la saa kumi, maana upepo wa Hanang hauna huruma, yeye kwenye kigoda, mimi chini kwenye ngozi ya ndama, mgongo wangu ukigusa goti lake. Nikimaliza ukurasa alinipa ukoko wa ugali uliopakwa utando wa maziwa. Wadogo zangu waliangalia kwa mbali wakimeza mate. Hapo palikuwa pangu. Nyumbani kote, na watoto tulivyokuwa wengi, ni hapo tu mtu aliponiita kwa jina langu bila kulikosea.

Halafu akaja Paskalina.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa kule Mbulu. Mvua za kwanza Bibi na baba walikwenda huko ghafla wakakaa siku nyingi. Sisi watoto tuliambiwa kuwa nyumba ya shangazi imepata shida. Zamani mambo ya kifo hayakusemwa mbele ya watoto, na mimi nikajua ni ng'ombe wamekufa, maana shida niliyoijua ilikuwa ya ng'ombe. Baada ya mavuno baba akaenda tena, akarudi na Paskalina na kifurushi chake. Alikuwa darasa la tano, mrefu, mpole, hana maneno. Siku ileile Bibi akamnyoa kichwa chote, kisha akamwambia mama yangu amnyoe na yeye mwenyewe. Nikadhani Paskalina kaleta chawa. Lakini nilipowaona wamekaa pamoja na vichwa vyao viwili vinavyong'aa, nikamwendea mama nikamwambia na mimi ninyoe. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Alinipiga kofi la mgongo. "Koma! Hicho si kitu cha kuomba!" Nikaondoka nalia, nikiamini mama naye yuko upande wa Paskalina.

Siku ya tatu Bibi akasema, "Paskalina, hebu shika kitabu." Jamani! Yule msichana alisoma kama mtu anayemimina uji. Hakufuata kwa kidole. Akifika mahali mtu anauliza, sauti yake inauliza. Akifika mahali wapagazi wanaimba, anakwenda kwa mwendo wao, hadi kichwa cha Bibi kikawa kinaitikia. Mama akaacha kupika akaja kusimama mlangoni. Mimi nimekaa palepale kwenye ngozi ya ndama, na hakuna aliyenitazama. Kurasa nne kwa mkupuo mmoja! Ukoko ukatoka wote mzima, ukaenda kwa Paskalina. Akaumega akanipa nusu. Niliuchukua nikaenda nyuma ya nyumba nikampa mbwa.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kununa. Mama alinitania, "Midomo hiyo utaikanyaga." Nilihesabu kila kitu. Nani kapewa maziwa kwanza, nani kaitwa kwanza asubuhi, nani kapewa ile shuka nyekundu. Mara mbili nilimwona Bibi akimpapasa Paskalina kichwani anapita, bila sababu yoyote, bila hata kusoma. Mimi kichwa changu kilipapaswa siku nilipokuwa na homa tu. Usiku nililala naye kitanda kimoja nikimpa mgongo, na nilichotaka ni kimoja: aondoke, nirudi kwenye goti la Bibi.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi iitwayo metimani. Nyumba ikipatwa na kifo cha aina fulani, watu wake wanakaa kando. Hawaingii nyumba za wengine, hawali chombo kimoja na wengine, wana njia yao ya kwenda kuteka maji, mpaka wazee wao wawaachilie rasmi. Wasipofanya hivyo, waliogopa uchafu ule ungeshika mifugo, na zaidi ya yote mwanamke mwenye mimba. Padri alikuwa akiikemea kanisani kila mara. Watu waliitikia amina, wakirudi nyumbani wanaishika kama kawaida. Mimi nilijua maneno hayo kama mtoto anavyojua maneno ya wakubwa: nilijua yanafanya watu wahame njia. Ya nini hasa sikujua.

Baba alipokwenda Basotu kwenye mashamba ya ngano, kazi ya majuma mawili, nikaona huo ndio wakati. Nilimkuta Bibi anakamua. Nikamwambia, "Bibi, Paskalina ameniambia kwao hawajaachiliwa. Amesema baba yake alidanganya ili aletwe huku."

Bibi aliacha kukamua. Maziwa yakawa yanadondoka chini yenyewe.

"Umesema?"

"Ndivyo alivyosema. Akaniambia nisikwambie."

Alimwita Paskalina. Akamuuliza mbele yangu, taratibu, "Mjukuu wangu, wazee waliwaachilia?" Ningekuwa mimi ningeapa. Paskalina alitazama chini, miguu yake inachezeana. "Sijui, Bibi," akasema. Na kweli angejuaje? Mambo hayo wazee wa kiume huyamaliza wenyewe, mtoto anaambiwa tu beba kifurushi twende. Bibi alimtazama, akamtazama mama yangu na tumbo lake. Kisha akasema tutasubiri mwanawe arudi aseme ukweli, ni siku chache tu. Paskalina akapelekwa kwenye kibanda cha ndama, ng'ambo ya ule uzio wetu wa minyaa, na bakuli lake na blanketi lake. Hakulia. Alipopita karibu yangu alisema, "Martina, usisahau kufunga kuku." Nikamjibu kwamba najua.

Kesho yake saa kumi nikachukua kitabu. Nilikuwa nimenawa uso na kupaka mafuta. Lakini Bibi alikuwa amehamisha kigoda chake. Alikuwa amekisogeza mpaka kwenye uzio, akakaa mgongo wake ukigusa minyaa. "Hapa pana jua," akasema. Hapakuwa na jua lolote hapo, kilikuwa kivuli kitupu, na baridi. Nikakaa chini, nikaanza. Akasema, "Paza sauti. Masikio yangu yamezeeka." Bibi huyo alikuwa anasikia kuku akitaga. Nilielewa mara moja nasomea nani. Kati ya minyaa niliona kipande cha gauni la Paskalina, amekaa chini upande wa pili, mgongo kwa mgongo na Bibi, uzio ukiwa katikati. Sina namna ya kueleza nilivyovimba. Nilikuwa nimempeleka mbali, kumbe nimemsogeza mpaka mgongoni kwa Bibi.

Nilisoma hivyo siku nne, kwa kukwama na kukohoa. Siku ya tano nikafika kwenye kurasa ambazo hazikufunguka. Nilidhani zimegandana kwa maziwa. Nikaangalia vizuri, nikaona zimebanwa na mwiba wa mgunga, mrefu, mweupe, umechomwa na kurudishwa kama mama anavyobana kitambaa. Kurasa sita. Na mahali pale tulikuwa tumeshapapita, Paskalina ndiye aliyetusomea. Nilikuwa nimerudi nyuma kwa makusudi, ili nisome tena sehemu aliyoisoma yeye, Bibi asikie na mimi naweza. Basi nikajua. Alikuwa ameruka!

Loo, furaha niliyoipata! Nilisimama nikapiga kelele, "Bibi! Paskalina alikuwa anakudanganya! Ameruka kurasa, tazama, amezibana na mwiba!"

Bibi hakushangaa. Alinyoosha mkono bila kunitazama. "Ninajua. Babu yako alinisomea hicho kitabu mara ngapi? Ninajua kilichomo. Rudisha mwiba, usome mbele."

"Lakini amekudanganya!"

"Martina. Rudisha."

Sikurudisha. Nilichomoa mwiba nikautupa, nikaanza kusoma nimesimama, kwa sauti ya kanisani. Nataka niwaambie jambo la aibu: hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliposoma bila kukwama. Kidole sikukitumia. Wivu ulinivuta kutoka neno hadi neno. Nilisoma jinsi ndui ilivyoingia kwenye msafara, na jinsi kiongozi alivyoamuru wagonjwa watengwe, walale ng'ambo ya kijito, na mtu asivuke. Nilisoma jinsi mama yake Kabula alivyovushwa na mkeka wake. Bibi alisema, "Basi." Nikaendelea. "Kabula alivuka kijito alfajiri, akamkuta mama yake amekwisha kuwa baridi. Hakuwa na jembe. Akaokota mawe, moja baada ya jingine, akaanza miguuni, na usoni akaweka mwisho, kwa kuwa hakutaka kuacha kumtazama."

Hapo nikanyamaza, maana nilikuwa nimeishiwa pumzi. Nikangoja Bibi aseme nimesoma vizuri.

Sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Martina, soma tena pale pa mawe."

"Kwa nini?"

"Mimi mama walimzika niko shuleni. Nilipofika walikuwa wameshamaliza. Sikuona walianzia wapi."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinamisha kile kichwa chake kilichonyolewa, mikono yote miwili imeshika kigoda, na machozi yanamwangukia magotini bila kelele yoyote. Ndipo mambo yakaanza kuniingia, moja moja, polepole, kama mtu aliyeamshwa. Shida ya nyumba ya shangazi haikuwa ng'ombe. Shangazi ndiye. Binti wa Bibi mwenyewe, wa tumbo lake. Na wale wawili waliokuwa wakikaa alasiri wanasoma juu ya wapagazi walikuwa mmoja amefiwa na mama, mwingine amefiwa na binti, wamekubaliana bila kuambiana kwamba mama yake Kabula asife.

"Martina?" Paskalina akauliza tena. "Baada ya hapo Kabula alikaa na nani? Hizo kurasa sikuzimaliza. Niliona neno mawe nikabana."

Niligeuza ukurasa. Herufi zilikuwa zimeanza kucheza. Sikuona kitu. Nilipekua wa pili, wa tatu, sikuona mtu yeyote aliyemchukua Kabula, na Paskalina anasubiri kule, na mimi siwezi kusema sijui. Badala yake nikasema jingine.

"Bibi, nilidanganya. Paskalina hakuniambia kitu. Ni mimi."

Nilifumba macho nikangoja fimbo. Haikuja. Nilisikia kigoda kikianguka, na nilipofumbua Bibi hayupo. Hakuzunguka kwenda langoni. Alikuwa amepenya kwenye uzio, yeye na uzee wake, utomvu wa minyaa unamchirizika kwenye shuka, na utomvu ule ukiingia jichoni unapofua. Alimwinua Paskalina kutoka chini akamkumbatia kichwa, akawa anasema, "Mama yangu, mama yangu," kama tunavyowaita watoto wa kike, na safari hii Paskalina akalia. Alilia kwa sauti kubwa mpaka mbuzi wakanyanyua vichwa. Walikaa hivyo muda mrefu. Kichwa kimoja kilichonyolewa, na kingine kilichonyolewa, vimeegemeana.

Hapa ndipo watu wanaonisikia nikisimulia hudhani niliona huruma. Huruma ilikuja, sikatai. Ilikuja kesho yake, na keshokutwa, na ilikuja tena nilipokuwa mtu mzima nikazika watu wangu. Nilimwomba Paskalina msamaha tukiwa tunateka maji, akasema "Haya", na kweli hakulitaja tena mpaka leo. Baba aliporudi alithibitisha kwamba wazee wa Mbulu walikuwa wamemaliza kila kitu, pombe ya kuwaachilia ikanywewa, na mimi nikachapwa kama ilivyostahili. Hayo yote yalikwenda sawasawa.

Lakini dakika ile yenyewe, nimesimama na kitabu kifuani, sikuona huruma. Niliwatazama kupitia minyaa. Sijawahi kushikwa hivyo na Bibi. Nilikuwa na goti lake na ukoko wake, lakini hivyo, kwa mikono yote miwili, hivyo hapana. Nikapiga hesabu ya kitoto, haraka haraka, ni nini Paskalina anacho ambacho mimi sina. Jibu lilikuwa jepesi. Nikageuza kichwa. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, tumbo limemtangulia, ananitazama kwa wasiwasi, akidhani nalia kwa kujuta. Nikamtazama na mimi. Nikawaza, laiti aliyekufa angekuwa yeye.

Akaweka ungo chini, akanijia, akanifuta uso kwa kanga yake.

Mama bado yuko. Macho yamepungua, masikio yako vizuri, na kila Jumapili anataka nikamsukie nywele. Ninapomsuka ananiambia watu wa Nangwa wananisifu, kwamba hakuna mtoto anayempenda mama yake kama mimi. Naitikia tu, "Ndiyo, mama," naendelea kusuka.